Kivuli cha Mchi

Kazi ya Kalunde ilikuwa kusoma rangi. Wengine pale kituoni Sikonge walirekebisha mabomba, wengine walikuza mwani kwenye matangi, wengine walifundisha watoto. Yeye alikaa mbele ya mtambo uliopasua mwanga na kuutandaza mistari mistari, kisha akasoma humo gesi ipi inakwenda wapi na kwa kasi gani. Gesi inayokuja kwako, mstari wake husogea kidogo upande wa buluu. Inayokwenda zake, husogea upande wa nyekundu. Hayo hata mtoto wa darasa la kwanza pale Sikonge aliyajua. Kalunde aliitwa Msomaji kwa sababu aliweza kuona kusogea kudogo ambako wengine wangepita bila kugeuza shingo.

Na kwa miaka yote aliyofanya kazi hiyo, kila alichokisoma upande wa nje kilikuwa kinakwenda zake.

Kituo kilielea ndani ya wingu ambalo wazee wa kwanza waliliita Ua. Wapo waliosema ni kwa sababu lilifanana na ua la alizeti, na wapo waliosema ni kwa sababu liliwazunguka kama ua wa nyumba. Katikati lilikuwa Jiko: nyota iliyowahi kuwa kubwa na nyekundu, ikazeeka, ikajivua maganda yake polepole mpaka kikabaki kiini kidogo cheupe kisichotazamika. Kiini hicho kikaanza kuvuma. Upepo wake, mwepesi na wa kasi ya ajabu, ukayakuta yale maganda ya zamani yakijikokota, ukayasukuma kutoka nyuma na kuyarundika kuwa pete kubwa inayong'aa kijani na nyekundu. Pale upepo mwepesi ulipoyaparamia maganda mazito, gesi haikusukumika sawasawa. Ilikatika vipande, ikafanya mafundo meusi, kila fundo na mkia wake mrefu uliolala kuelekea nje, kama nywele za mtu aliyeukabili upepo.

Mafundo hayo ndiyo yaliyowaweka watu hai. Makubwa hayakugusika; kila moja lingeweza kumeza dunia nzima. Waliyavuna yale madogo kabisa, kwa wavu wa sumaku uliochomoa kiini cha fundo na kukibana mpaka kikarudi kituoni kama maji, hewa na nishati.

Asubuhi ile Kalunde alikuwa anapima fundo lililoitwa Mchi. Lilikuwa refu na jembamba, na nyuma yake, mbali zaidi kuelekea nje, lilikuwapo jingine pana lililobonyea katikati, ndilo Kinu. Boti ya kuvunia, mtambo usio na mtu ndani, ilikuwa imeondoka mwaka uliopita ikikokota wavu, na sasa ilikaribia kufika. Kalunde alitakiwa kutoa makadirio ya mwisho: Mchi una gesi kiasi gani, unakwenda wapi, wavu uelekezwe vipi.

Alipofika kwenye mkia alitaka kupita haraka. Mkia wa fundo ni mahali pa giza na baridi. Kichwa cha fundo huukinga usipigwe na mwanga wa Jiko, na gesi iliyomo hulala bila kung'aa. Lakini mle gizani aliona uzi. Uzi mwembamba wa kijani, rangi ambayo oksijeni huitoa ikichemka sana. Akadhani ni kasoro ya kioo, akasafisha, akasoma upya. Uzi ulikuwapo. Akaupima mwendo wake.

Ulikuwa umesogea upande wa buluu. Ulikuwa unakuja.

Alijua kitu kimoja tu kinachoweza kuchemsha oksijeni ndani ya mkia wa fundo, nacho ni injini ndogo ya chombo cha tanga, ile inayonyonya gesi iliyoizunguka, kuipasha moto na kuitema. Sikonge iliwahi kuwa na chombo kimoja tu cha aina hiyo. Kiliitwa Kipanga. Kiliondoka kikiwa na watu wanne kwenda kuweka mitambo kwenye ganda la nje, Jiko likatoa dhoruba ambayo hakuna aliyeitarajia, na watu wote wa kituo walisimama madirishani wakaona tanga lake likichanika mara moja, kama karatasi. Baada ya hapo, kimya. Miaka sita ya kimya. Rubani wa Kipanga alikuwa Shija Mabula, na Shija alikuwa mume wa Kalunde.

*

Hakumwambia mtu. Alichukua vipimo vya mkia, akaondoa jina la fundo, akampelekea Makame Haji, msomaji wa pili, mtu mpole aliyekuwa akipima maneno yake kama anavyopima gesi.

"Nisomee hivi," alisema. "Usiniulize vya wapi."

Makame alimtazama, akaketi. Alisoma kwa muda mrefu. Kalunde alisimama mlangoni akijitia kuangalia mabomba ya dari.

"Kuna injini humu," Makame alisema mwishowe.

Kalunde aligeuka kutoka mlangoni. "Sikukwambia mimi. Umeiona mwenyewe."

"Nimeiona mwenyewe, dada."

"Inakuja, Makame. Buluu ile. Inakuja!"

Makame alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati ingawa haikuwa na vumbi.

"Gesi ndiyo inayokuja," alisema. "Injini hutema nyuma. Kama inachokitema kinatujia sisi, basi chenyewe..."

Akaishia hapo. Kalunde alikuwa amewafundisha wanafunzi jambo hilo hilo mwaka hata mwaka. Aliwahi kumchapa mmoja kikofi cha mzaha kwa kulisahau. Na sasa alisimama kama mtu aliyemwagiwa maji baridi, akielewa kwamba hakulisahau. Hakutaka kulikumbuka.

"Anakwenda," alisema.

"Au anapunguza mwendo ili asimame. Tumtazame siku chache, tutajua."

Walitazama. Kila walipopima, uzi ulikuwa umesogea mbele kidogo ndani ya mkia, kuelekea nje, mbali na kichwa cha Mchi, mbali na Sikonge.

*

Rwegasira, mkuu wa uvunaji, aliwasikiliza bila kuwakatiza. Alikuwa mtu mnene zamani. Sasa ngozi ya shingo ilimning'inia. Fundo walilolitegemea kabla ya Mchi lilikuwa limetawanywa na upepo kabla wavu haujalifikia, na tangu hapo kituo kilikuwa kinabana matumizi. Maji ya kunawa yalishakatwa. Watoto walikunywa kwa kupangiwa, na midomo yao ilikuwa imepasuka pasuka. Rwegasira mwenyewe alikuwa na kikombe mezani ambacho hakukigusa muda wote wa mazungumzo.

"Boti ina nguvu za kurudi na mzigo mmoja tu," alisema. "Mnalijua hilo."

"Tunalijua, Mkuu."

"Ikibana wavu, hakuna kiumbe anayeweza kuwa karibu nayo. Mionzi yake itamkaanga. Kwa hiyo ama irudi na Mchi, ama iuache wavu huko huko, iwabebe watu hao na kurudi mikono mitupu. Na fundo jingine tunaloweza kulifikia liko mbali, mbali sana." Alijikuna kidevu. "Sijui hata kama ni watu. Huenda ni injini imebaki inajiendesha juu ya maiti. Samahani, Bi Kalunde."

"Uliza," Kalunde alisema. "Tuma sauti, uliza."

Mchi ulikuwa mbali kiasi kwamba ujumbe uliotumwa wakati wa chai ya asubuhi jibu lake lingefika watu wakitoka kazini. Walimpa Kalunde kipaza sauti. Akasoma maneno ya kikazi aliyoandikiwa: hapa ni Sikonge, tumeona injini yenu, jitambulisheni, semeni mko wangapi na hali zenu. Alipomaliza, Makame hakuzima mtambo. Aligeukia ukutani akasubiri.

"Shija," Kalunde alisema. "Kama ni wewe, sema ni wewe. Kama si yeye, wewe uliye huko, nisamehe, na useme wewe ni nani."

*

Sauti ilifika ikiwa imekwaruza, na nyembamba kuliko alivyoikumbuka.

"Kalunde. Nilijua tu macho yako yatatuponza."

Makame alicheka, kisha akashtuka kwamba amecheka. Kalunde aliukamata ukingo wa meza kwa mikono miwili. Shija aliendelea, polepole, kama mtu ambaye kwa miaka amezungumza na watu wale wale watatu na sasa anatafuta adabu ya kuzungumza na wengine.

Wote wanne walikuwa hai. Dhoruba ilipolichana tanga iliwatupa nyuma ya Mchi, na kivuli chake ndicho kilichowaokoa. Mwani wao haukufa. Maji waliyatengeneza kwa gesi ya mkiani. Mtambo wa sauti ulikuwa umevunjika, ikawachukua miaka miwili kuutengeneza.

"Utauliza kwa nini hatukuita baada ya hapo," alisema. "Tungeita, mngekuja. Na mngekuja na nini? Tulikuwa tunawaona, Kalunde. Tuliona fundo lile la kwanza likiwaponyoka. Na sasa tumeuona wavu. Unang'aa sana kwa mbele, hujui tu. Tukajua mmefikia kwetu. Tumewasha injini tuondoke mapema, ili asiwepo wa kumchagua. Basi umetuona. Haya. Mwambie Mkuu avune. Mwambie ni sisi tumesema, wote wanne, hakuna aliyelazimishwa."

Mtambo ukanguruma. Halafu: "Mama hajambo? Usimwambie."

Rwegasira aliinuka, akaenda dirishani. Aliporudi, macho yake yalikuwa mekundu.

"Wakisema hivyo wao, hakunipunguzii mimi kitu," alisema. "Nitafanya hivi. Bado sijapata makadirio ya mwisho ya Mchi. Kama una gesi ya kutosha, tunavuna. Kama ni mwepesi, kama tutahatarisha boti kwa makapi, basi tunauacha wavu na kuwaleta watu wetu. Nataka nambari, Bi Kalunde. Nambari utakazonipa ndizo nitakazofuata."

Alipokwisha kutoka, Makame alibaki amekaa.

"Ukisema mwepesi," alisema bila kumtazama, "na mimi nitasema mwepesi."

*

Aliambiwa asimwambie, lakini Mama Nyamizi hakuwa mtu wa kufichwa. Alikuwa mama yake Shija, na tangu Kipanga kipotee aliishi na Kalunde kwenye chumba kimoja. Kituo kizima kilipokaa matanga, yeye hakukaa. Walipokuja kuyaanua, aliwapa chai na kuwaambia hajui wamefuata nini. Watu walisema huzuni imemchanganya akili. Kalunde hakuwahi kumbishia. Kulala chumba kimoja na mtu anayeamini kulimfaa.

"Umesikia nini?" Mama Nyamizi aliuliza mara alipomwona mlangoni.

Kalunde alikaa chini, akaweka kichwa kwenye mapaja ya mama mkwe, na kumweleza yote. Mzee yule hakupiga kelele. Mikono yake, ambayo siku zote ilikuwa na kitu cha kushona, ilitulia juu ya nywele za Kalunde.

"Kwa hiyo ni hizo nambari zako."

"Ndiyo, Mama."

"Na Mchi una gesi?"

"Umejaa. Sijawahi kupima fundo dogo zito kama lile."

"Nani anajua hilo?"

"Mimi. Na Makame."

Nje, kwenye njia ya watoto, walimu walikuwa wanawapanga wanafunzi mstari wa maji, na sauti zao zilipenya mlango.

"Kalunde, mwanangu," Mama Nyamizi alisema. "Sijawahi kukuomba kitu. Kosea. Kosea kidogo tu. Watu hukosea."

"Mama..."

"Tutakunywa kidogo zaidi. Mimi nitakunywa kidogo zaidi, nimpe mtoto wa jirani yangu. Watapata fundo jingine. Wao wana kesho ya kutafuta. Mwanangu ana leo tu."

Kalunde aliinua kichwa. Alitaka kusema ndiyo. Neno lilikuwa limekaa mdomoni tayari, tamu, na hakuna mtu duniani ambaye angemlaumu isipokuwa wale waliokuwa nje kwenye mstari, na wao wasingejua kamwe. Alimtaka Shija kwa mwili mzima. Alitaka kumwona amekunja uso akivaa viatu. Alitaka hata ule ubishi wake wa chakula. Miaka sita alijizuia kutaka, kwa sababu aliyekufa hatakiwi, na sasa yote yalimrudia kwa mkupuo.

"Nipe muda," alisema.

*

Alirudi kwenye mtambo akidhani anakwenda kutafuta uongo. Aliwaza kwamba, kama atadanganya, walau adanganye kwa ufundi: apunguze hapa, apunguze pale, mpaka Mchi uonekane umechoka. Lakini mkono haukuzoea. Kila alipotaka kupunguza alijikuta kwanza anapima sawasawa, ili ajue anapunguza kutoka wapi. Akaupima Mchi ganda kwa ganda, kutoka kichwani hadi ncha ya mkia, kwa makini ambayo hajawahi kuyaweka kwenye fundo lolote. Na katika kufanya hivyo aliona jambo ambalo hakuwa akilitafuta.

Kila mara wavu ulipochomoa kiini, fundo halikutoweka. Ganda la nje lilibaki, likiwa jepesi, halina tena uzito wa kulishikilia, na upepo wa Jiko ukalisukuma lote kwa pamoja kuelekea nje. Wavunaji hawakuwahi kulijali. Kwao lilikuwa maganda ya muwa uliokwisha tafunwa. Lakini lilikuwa wingu nene la vumbi na gesi baridi, linalosafiri, na nyuma yake mwanga wa Jiko haukupita. Lilikuwa kivuli chenye mwendo. Na kutokana na jinsi Mchi ulivyolala, kivuli hicho kingekwenda moja kwa moja mpaka Kinu.

Kinu lilikuwa fundo pana, zito, ambalo lingekaa maelfu ya miaka. Kati yake na Mchi palikuwa wazi, na chombo chenye tanga lililochanika kisingeweza kupavuka bila kuunguzwa na mwanga wa Jiko. Lakini kikiwa ndani ya wingu kingekingwa, na kusukumwa pia, njia nzima.

Shida ilikuwa mahali pa kukaa. Chombo kikikaa mbele sana, wingu lingekipita kabla hakijashika kasi. Kikikaa karibu sana na kichwa, mionzi ya wavu ingewaua wote wanne kabla ya safari kuanza. Palikuwa na nafasi moja katikati, nyembamba, na ilibidi mtu aliyesoma kila tabaka la gesi ile amwambie rubani asimame wapi, na lini azime injini.

Kalunde alikaa akitazama hesabu zake. Mchi ukiachwa, Shija anarudi nyumbani, na kituo kinakaa na kiu mpaka fundo jingine lipatikane, kama litapatikana, na watoto wangapi watabaki hakuna ajuaye. Mchi ukivunwa, kituo kinakunywa, na Shija anaishi, lakini huko. Mbali mara kadhaa kuliko sasa. Hakuna boti yenye nguvu za kufika huko na kurudi, si katika uhai wake wala wa Shija. Na mtu wa kumpeleka huko ni yeye.

Laiti ningekuwa sijaona, aliwaza. Akalia, pale pale, bila kujificha. Makame aliingia, akaona, akatoka na kufunga mlango taratibu.

Kisha akaandika nambari za kweli, akampelekea Rwegasira.

*

"Umemuua," Mama Nyamizi alisema.

"Nimemtafutia njia, Mama."

"Njia ya kwenda." Alichukua mto wake, akaupeleka upande wa pili wa chumba. Siku zilizofuata hakumwambia Kalunde zaidi ya salamu.

Siku zilizobaki Kalunde aliongea na Shija, asubuhi hadi jioni, kila swali likisubiri jibu lake. Ndiyo ndoa waliyokuwa nayo wakati ule: nambari. Kalunde alisema, "Rudi nyuma kidogo, tabaka hilo lina mwendo wa kasi, litakutupa pembeni," na Shija alijibu, "Nimerudi. Linatikisika hapa," naye Kalunde akasema, "Linapaswa kutikisika, ndipo penyewe, tulia." Mara moja tu Shija alitoka kwenye kazi. Alisema, "Ungeweza kuwaambia Mchi ni mwepesi. Nimekaa humu miaka sita, najua uzito wake. Nilipoona hujasema hivyo nilikasirika mpaka nikaacha kula. Halafu nikakumbuka nilikuoa nikikujua." Kalunde aliusikiliza ujumbe huo mara nyingi kuliko alivyohitaji, kisha akatuma vipimo vya tabaka lililofuata.

Boti ikaubana wavu. Kutoka Sikonge walikiona kichwa cha Mchi kikiwaka cheupe, kisha kikakunjamana na kuingia ndani, na kilichobaki kikafura taratibu kama unga uliopulizwa. Uzi wa kijani ulikuwa umezimika kabla ya hapo, kama alivyoagiza. Wingu la vumbi lilijifunga juu ya mahali Kipanga kilipokuwa, na baada ya hapo hakuna mtambo, wala jicho, wala Msomaji aliyeweza kuona ndani yake. Kalunde aliweza kusoma ganda la nje tu. Nyekundu. Nyekundu zaidi. Ikienda zake.

*

Boti ilirudi na mzigo. Mabomba yalijaa. Siku ya kwanza ya maji ya kunawa, watoto walikimbia njiani wakiwa wamelowa nguo zote, na walimu, ambao walipaswa kuwakemea, walilowa nao. Rwegasira alimletea Kalunde jagi lililojaa mpaka juu, akaliweka mezani, akaondoka.

Wingu lilikuwa njiani zaidi ya mwaka mzima. Kalunde alilipima kila siku. Alijua lilivyopungua, lilivyopindika pembeni, lilipofika nusu ya safari. Alijua pia kwamba lingeweza kuwa limebeba chombo kitupu au chombo cha maiti, na vipimo vyake visingebadilika hata kidogo. Mama Nyamizi alikuwa akija mlangoni mwa chumba cha mtambo, anasimama, anauliza, "Bado linakwenda?" Kalunde anajibu, "Bado linakwenda, Mama." Naye anarudi zake.

Wingu likagonga Kinu, likatandaa juu yake na kuzama. Kisha siku zikapita bila sauti. Makame aliacha kumtazama usoni.

Sauti ilipokuja, ilimkuta Kalunde anakula. Makame alikuja mbio, bila miwani, akamkamata mkono, na walipopita mlango wa Mama Nyamizi akamkamata na yeye. Yule mzee alikuja miguu mitupu.

"Tumefika," Shija alisema, kwa mbali mno, kama anaongea ndani ya debe. "Wote wanne. Mwenzetu Shoo aliungua mkono, unapona. Kinu ni kikubwa, Kalunde, hujawahi kuona giza tulivu namna hii. Injini tumeizima, hatuihitaji. Mwani umeanza kukua tena." Kisha sauti ikashuka. "Sasa jibu litachukua siku mbili kwenda na kurudi. Tumehesabu. Si mbaya. Watu huandikiana kwa muda mrefu zaidi ya huo. Upo?"

Kabla mtu hajamwambia lolote, Mama Nyamizi alikuwa ameshika kipaza sauti.

Aliongea. Alimwambia sauti yake imekonda. Alimwambia mtu anayetoa habari za mkono wa Shoo na kuacha za mkono wake mwenyewe anaficha kitu. Alimwuliza kama wanapika mwani au wanaula hivyo hivyo. Alimweleza habari za binamu zake wote, waliooa, waliozaa, waliokufa, na kwamba chumba kilipakwa rangi mpya ambayo hakuipenda. Nguvu za mtambo zilitosha kwa muda mfupi tu, na Makame alikuwa ameinua mkono kumwashiria asimame. Akaushusha. Akauinua tena, akaushusha. Mwishoni ni Mama Nyamizi mwenyewe aliyeishiwa pumzi, akageuka, akamkabidhi Kalunde kipaza sauti bila kumtazama.

Taa ya mtambo ilishaanza kupepesa. Kalunde alikuwa na mwaka mzima wa maneno aliyoyapanga, akayapanga upya, akayakariri.

"Nipo," alisema. "Endelea kuongea, Shija. Mimi nipo."

Taa ikazimika. Makame alitoka kwenda kumwita Rwegasira. Wanawake wawili walibaki na mtambo uliokuwa unapoa. Kalunde alisimama, hakujua aende wapi.

"Jibu ni keshokutwa, Mama," alisema. "Twende ukapumzike."

"Nimesikia ni keshokutwa. Mimi si kiziwi." Mama Nyamizi alijisogeza mwisho wa benchi, akapiga piga nafasi iliyobaki kwa kiganja. "Kaa hapa."